Nzi kwa ng'ombe wa maziwa: yanayosemwa na yalivyo

"Nzi ni nzi, dawa ni ileile."

Hapa ndipo pesa nyingi za mfugaji hupotelea. Kabla hujashika bomba, mtazame ng'ombe. Akipigapiga miguu chini na kurusha kichwa kuelekea miguu ya mbele, anaumwa na nzi wa zizini. Anafanana sana na nzi wa nyumbani, ila mdomo wake ni mgumu na umechomoza mbele kama sindano. Dume na jike wote hunyonya damu, tofauti na pange, ambaye jike pekee ndiye anayeuma. Nzi wa zizini hukaa mwilini dakika chache tu. Akishashiba huenda kutulia ukutani au kwenye nguzo. Dawa uliyommwagia ng'ombe mgongoni haimpati sawasawa, kwani yeye yuko miguuni, tena kwa muda mfupi. Wale wadogo wanaojazana mgongoni na tumboni, usiku na mchana, ni nzi wa pembe. Hao ndio dawa ya mgongoni huwamaliza.

"Nimezoa kinyesi, nzi watatoka wapi?"

Watatoka chini ya hori. Nzi wa pembe hutaga kwenye kinyesi kibichi kabisa, lakini nzi wa zizini hupenda vitu vinavyooza vikiwa vimechanganyika: mabaki ya majani, silaji (majani yaliyovundikwa) iliyomwagika, matandiko yaliyolowa mkojo. Banda laweza kung'aa katikati huku funza wakichemka pembeni. Wakati wa joto, nzi wa nyumbani hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10, na wa zizini kwa wiki 2 hadi 3. Kwa hiyo usafi wa mara moja kwa mwezi ni kuwapisha wazaliane. Zoa kila wiki, kona zote, kisha utandaze taka zikauke. Funza hawawezi ukavu.

"Asiyeuma hana madhara."

Nzi wa nyumbani kweli hana meno wala sindano, hulamba tu. Lakini hutoka kwenye kinyesi akatua kwenye ndoo ya maziwa. Wale wanaolamba machozi husambaza ugonjwa wa macho. Nao wanaouma hawaishii kwenye maumivu: kwa mtamba, wanaong'ata ncha za chuchu hufungua njia ya ugonjwa wa kiwele, hata kabla hajazaa mara ya kwanza.

"Dawa ikigoma, zidisha kipimo."

Ukizidisha, unamuumiza ng'ombe na kuharibu maziwa. Nzi waliozoea dawa hubaki na kuzaa wenzao sugu. Badilisha kundi la kiambato, yaani kemikali inayoua nzi, si jina la chupa, maana chupa mbili zenye majina tofauti huweza kuwa na kiambato kimoja. Soma pia siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa. Dawa ya mazao shambani isimguse mnyama kamwe.

"Mtego umejaa, tumeshinda."

Mtego uliojaa unakwambia kuna mahali wanazaliwa. Rudi chini ya hori.