Ukuta Nao Unatoka Jasho
Jana jioni nimekaa zangu bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na bakuli la urojo, kijana mmoja pembeni akamwambia mwenziwe huku akinyooshea kidole Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho: "Lile wangelipiga saruji mapema lisingeanguka." Maneno haya nayasikia tangu upande wake mmoja ulipoporomoka Desemba 2020, kwa madereva, kwa wajumbe wa vikao, hata kwa shemeji yangu. Nikauacha urojo upoe.

Jumba lile ni la 1883, enzi za Sultani Sayyid Barghash. Mwaka 1896 manowari za Uingereza zilimimina mizinga kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm ya jirani ikabomoka, lenyewe likabaki limesimama na matumbawe yake, chokaa, boriti na nguzo za chuma. Miaka 137, halafu mnaniambia chokaa ni dhaifu?

Jiwe la tumbawe lina vitundu kama sponji. Linanyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi, kisha linautoa nje kupitia lipu ya chokaa. Lipu hiyo huchakaa ili jiwe lisichakae, kama kandambili na unyayo. Ikichoka unaibandua, unapiga nyingine. Ukipiga saruji, unyevu unakosa pa kutokea, basi unapanda. Unafika kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, vinaoza kimyakimya, na sakafu ya juu inabaki kushikiliwa na dua. Chumvi nayo inaganda nyuma ya saruji na kuisukuma. Gonga kwa kifundo cha kidole, utasikia mlio wa dafu tupu. (Mimi huwa naulamba ukuta. Vijana wangu wa kazi hucheka, lakini ulimi hauikosi chumvi.)

Kinachonikera hasa ni hilo neno "imara". Saruji ni ngumu, sikatai. Ni ngumu kuliko jiwe inalolifunika, na hapo ndipo balaa lilipo, maana nyumba za Mji Mkongwe zinacheza, na saruji haijui kucheza. Ndani ya Beit al-Ajaib ulikuwemo mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari. Wazee walioshona vyombo hivyo walijua chombo kinapaswa kulegea mbele ya wimbi. Sisi wajukuu tunataka kila kitu kigande.

Niliwahi kuitwa kwenye jengo moja dogo la makumbusho lililopigwa saruji miaka mitano nyuma. Tukabandua kipande cha ukubwa wa sinia. Kikashuka na vigae vya matumbawe vimeng'ang'ania mgongoni, na nyuma yake unga mweupe ukawa unamwagika kama mchele wa gunia lililotoboka. Msimamizi akaniuliza, "Sasa fundi, tutie nzito zaidi?" Nikaomba ruhusa nikanywe chai.

Nami si walii wa chokaa. Kuichoma tanuuni kunataka magogo mengi, na sijapata jibu la kuniridhisha kuhusu kuhifadhi mji kwa kufyeka miti. Tena chokaa inataka kukaa shimoni miezi, wakati mfadhili anataka picha kabla ya Juni. Na niungame: juu ya paa moja lililokuwa linavuja nilichanganya kibaba cha saruji ndani ya chokaa. Mwaka wa nane huu, halijavuja. Sijamwambia mwalimu wangu.

Wale wa "bustani na makumbusho ni mambo ya watalii" sina muda nao leo. Bustani hii ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture, ikafunguliwa tena 2009. Njooni jioni mhesabu wenyewe wanaoruka baharini kutoka ukutani ni watoto wa nani.

Nikamsogelea yule kijana, nikamuuliza kwao wamepiga lipu gani. Saruji, akasema, tena mpya. Ila chumbani kwa bibi kuna doa linapanda kila masika, wamelipaka rangi mara tatu na halisikii.

Kesho baada ya alasiri naenda kulilamba.