Ukuta umepasuka? Usikimbilie gurupu ya WhatsApp

Tangu mvua zianze, wanaokuja kulalamikia mafundi katika ofisi yetu ya ushauri wa bure hapa Lubumbashi wameongezeka. Hilo si geni, kazi mbovu hufichuliwa na mvua. Geni ni kwamba anayekuja kushtaki siku hizi mara nyingi ameshajitia mwenyewe hatiani.

Majuzi mama mmoja wa Katuba alinionyesha picha ya nguzo ya baraza yake. Zege imebanduka, chuma cha milimita 6 kinachungulia mahali ambapo devi, yaani makadirio ya gharama ya fundi, iliandikwa cha 10. Kesi nzuri kabisa. Nikaomba mkataba.

"Metre," akaniita, kama wanasheria wanavyoitwa hapa, "mkataba sina, lakini nimeshamtupa kwenye gurupu."

Akafungua simu. Kadi ya mpiga kura ya fundi, mbele na nyuma, namba yake, nyumba yake na watoto wamesimama mlangoni, na chini: MWIZI. Gurupu ina watu zaidi ya mia mbili.

Kadi ile fundi aliitoa siku ya avansi (malipo ya kutangulia), iwe dhamana. Hakuitoa itangazwe. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, fundi mbovu naye yumo, na Sheria ya Numeriki (sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023) inalinda data binafsi. Zaidi ya hayo, kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu: anayemtajia mtu hadharani, kwa nia mbaya, jambo mahsusi la kumvunjia heshima, hufungwa siku 8 hadi mwaka 1 na kutozwa faini, au moja ya adhabu hizo. Na tafadhali, tuache ile ya "lakini ni kweli ameiba". Ukweli peke yake haukuokoi hapa. Nimelisema hili hadi sauti imekauka.

Njia ni hii. Usibomoe wala kurekebisha kitu. Mwandikie fundi barua, taja kasoro moja moja na siku unazompa. Asaini nakala yako kwamba ameipokea. Akikataa, barua ipelekwe na wisie wa tribinali, yaani afisa wa mahakama anayepeleka hati. Siku zikipita, avoka (wakili) ataomba tribinali iteue mtaalamu wa ujenzi akague. Hakimu husoma ripoti ya huyo. Picha zako ni nyongeza. Tena msidhani ukishalipa mambo yamekwisha: kwa Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, jengo la bei ya mapatano (bei moja kwa kazi nzima) likiporomoka kwa ubovu wa ujenzi, hata wa udongo, mjenzi anawajibika kwa miaka 10.

Mimi nilianza na kesi za ujenzi tu, futi ya chuma mkobani. Mambo ya data nimejifunza ukubwani, simu za wateja zimenilazimisha.

Mama wa Katuba alizifuta picha siku ileile. Avoka wa fundi alikuwa nazo tayari, zimechapwa, ukurasa kwa ukurasa.