Kopo la Kimea Halichemshwi Saa Nzima

Ushauri umetolewa tena kwa mtu anayeanza kutengeneza bia nyumbani kwa kopo la rojo zito la kimea, yaani nafaka iliyooteshwa: "Kopo la kimea lazima ulichemshe saa nzima, la sivyo bia inaharibika." Jamani, hapana. Kinachouma zaidi ni kwamba mtu huyohuyo anayemaliza mtungi wa gesi kwa kuchemsha ndiye utakayemkuta siku ya nne anafunga chupa, eti kizibo cha hewa, kile cha kutolea gesi juu ya ndoo, kimeacha kububujika. Saa nzima anaitupa mahali ambapo haina kazi, halafu siku tatu anazibana mahali ambapo hazibaniki.

Anayeanzia kwenye nafaka ana sababu za kuchemsha dakika 60. Asidi za alfa za hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zinahitaji moto ili zigeuke umbo, ziyeyuke na kutoa uchungu. Kuna harufu ya mahindi ya kuchemsha inayotakiwa kutoka na mvuke, kuna protini zinazotakiwa kugandamana na kuzama. Rojo la kimea limeshapitia hayo kiwandani: wanga umegeuzwa sukari, woti, yaani maji matamu ya kimea, imechemshwa, kisha maji yakavukizwa kwenye mgandamizo mdogo hadi likabaki zito. Kama kopo lina hopsi, uchungu nao umo. Kulichemsha saa nzima ni kupika upya wali ulioiva: rangi inakolea, ladha inaelekea kwenye sukari iliyoungua, na ile harufu kidogo ya hopsi iliyobaki inaondoka na mvuke. Anayeogopa vijidudu ajue kwamba dakika 10 kwenye nyuzi 80 zinatosha kuua vile vinavyoharibu bia. Uchafu unaoiharibu huingia baadaye, kupitia ndoo, mpira na mikono.

Kwa ndoo ya lita 20, chukua kopo la kilo 1.7 na kilo moja ya kimea kikavu cha unga. Maelekezo ya kwenye kopo yatakwambia utie kilo ya sukari. Utapata pombe, lakini bia itakuwa nyepesi kama maji. Toa karatasi ya kopo, liloweke kwenye maji ya moto dakika 15 ili rojo lilainike. Kimea cha unga kikoroge kwenye lita 4 za maji yakiwa bado baridi, maana ukikimwaga juu ya mvuke kinashika mabonge yanayosumbua kuyeyuka. Pandisha moto na usibanduke hapo, woti hufurika ghafla. Ikichemka dakika chache, zima jiko, na ndipo umimine rojo. Jiko likiwa linawaka, rojo linazama chini na kuungua kabla hujaligusa kwa mwiko. Koroga mpaka mwiko usihisi kitu kinachonata kwenye kitako cha sufuria. Nusu saa, umemaliza. Ukijaza hadi lita 20, haidromita, kipimo cha uzito wa woti kinachoonyesha sukari iliyomo, itasoma karibu 1.044.

Sasa kupoza, maana hapa Dar inaachana na vitabu. Vitabu vinakwambia ununue koili ya shaba, uiunganishe na bomba, woti ipoe hadi nyuzi 20. Maji yetu ya bomba yanatoka na nyuzi 28 hivi, na kama simtanki liko juani juu ya paa ni zaidi. Koili haiwezi kuishusha woti chini ya joto la maji yanayopita ndani yake. Utamwaga ndoo kwa ndoo za maji na utaishia nyuzi 31. Njia ya kuokoa muda ni kuchemsha kidogo na kujaza kwa maji safi ya chupa yaliyolala kwenye friji. Zile lita 4 pamoja na kimea zinakuwa karibu lita 6. Weka sufuria kwenye beseni la maji na barafu dakika 15, ishuke hadi nyuzi 50, kisha ongeza lita 14 za maji yenye nyuzi 4: ndoo inatulia karibu na nyuzi 18. Barafu la soko la samaki la Feri ni la beseni tu, kuzungushia sufuria. Lisiingie kwenye woti kamwe, kwa sababu hujui limegandishwa kwa maji gani.

Kuhusu maji yenyewe, kwa kifupi: ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na bia inaleta ladha ya dawa ya hospitali, kwa hiyo yachemshe siku moja kabla. Ya kisima chenye chumvi achana nayo kabisa. Kimea kimeshakuja na madini yake, na maji laini ya chupa yanakifaa vizuri.

Ukitaka hopsi zaidi ya zilizomo kwenye kopo, dakika 15 zinatosha. Katika muda huo unapata karibu nusu ya uchungu ambao ungeupata kwa dakika 60, kwa hiyo ongeza hopsi, usiongeze gesi. Zichemshe kwenye hizohizo lita 4, lakini kwa sasa tia gramu 400 tu za kimea cha unga, kilichobaki kitaingia mwisho pamoja na rojo. Hopsi kwenye maji matupu hutoa uchungu mkali wa majani. Programu za kukokotoa zitakupa namba ya uchungu yenye uhakika mkubwa mno. Usiiamini sana. Woti chache ina kikomo cha uchungu inaoweza kubeba, na ukishaizimua hadi lita 20 bia huwa nyororo kuliko ilivyoahidiwa.

Hamira iliyo chini ya kifuniko cha kopo, iweke kando. Kopo limesafiri kwenye kontena, likakaa stoo yenye joto, na hamira ile haikuwa kwenye friji hata siku moja. Angalia pia tarehe ya kopo lenyewe, rojo likikaa kwenye joto linakuwa jeusi na bia inapata ladha ya wino. Nunua pakiti mpya ya hamira ya bia ya gramu 11. Hapa kuna njia mbili. Kama una friji la mtumba na kidhibiti joto, tumia hamira ya kawaida ya bia aina ya ale kwenye nyuzi 19, ukikumbuka kwamba ndoo inayochachuka hujipandisha yenyewe nyuzi 3 hadi 5. Kama huna friji, usihangaike na taulo bichi na feni wakati wa masika; hewa ikishajaa unyevu, taulo halipozi kitu cha maana. Tumia kveik, hamira ya wakulima wa Norwei, inayofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40. Kwa hiyo hata beseni la barafu huhitaji: jaza kwa nusu maji ya friji na nusu ya chumbani, utapata kama nyuzi 33. Kveik inataka chakula, basi chemsha pakiti moja ya hamira ya maandazi kwenye zile lita 4 kwa dakika 10. Ikishakufa inakuwa lishe. Hiyo ndiyo kazi pekee ya hamira ya maandazi kwenye bia.

Tuje kwenye kizibo cha hewa. Kizibo hakipimi uchachukaji. Kinaonyesha kwamba gesi imepita hapo, basi. Kifuniko cha ndoo kisipobana sawasawa, gesi inatokea pembeni na kizibo kinatulia huku hamira ikiwa katikati ya kazi. Na bia iliyokwisha kabisa inaweza kububujika mchana, joto la chumba likipanda na gesi iliyoyeyuka ikitoka. Anayefunga chupa kwa kutazama kizibo anabahatisha, na chupa ya kioo ikipasuka mkononi haina msamaha. Kila pointi moja ya haidromita (yaani 0.001) iliyobaki ni zaidi ya gramu 2 za sukari kwa lita. Pointi 4 zikibaki, umeongeza sukari nyingi kuliko ile uliyoipima ya kutia gesi.

Pima leo, pima tena baada ya siku tatu. Namba ikiwa ileile, funga. Sampuli imimine mara kadhaa kati ya vikombe viwili ili gesi itoke, la sivyo mapovu yanaliinua haidromita. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Sampuli ikiwa na nyuzi 30, ongeza 0.002 au 0.003. Halafu kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka: bia ya rojo haitabiriki itaishia wapi. Inaweza kusimama 1.012, inaweza kugoma 1.018, kulingana na jinsi kiwanda kilivyogeuza ule wanga na kopo limekaa muda gani. Ndiyo maana jaribio hili linaokoa siku nyingi kuliko ujanja mwingine wowote. Siku ya kwanza chota mililita 250 za woti kwenye chupa safi, tia hamira nyingi kupita kiasi, acha juu ya kabati la jikoni bila kukaza kifuniko, utikise kila unapopita. Kwa joto letu, ndani ya siku mbili tatu itakuwa imefika mwisho. Namba hiyo ndiyo shabaha ya ndoo kubwa. Hamira ya saison, aina ya bia ya Ubelgiji, ina tabia yake: huendelea kula polepole na inaweza kushuka hadi 1.002, kwa hiyo hiyo ipe wiki tatu hata ikionekana imetulia.

Kuhamishia ndoo ya pili, acha. Unaongeza kazi ya kuosha na unaingiza hewa. Kwa usafi, suuza chupa palepale unapomaliza kunywa, usiku huohuo, mashapo yasikaukie ndani. Ndoo isiguswe na stilwaya, mikwaruzo ndiyo makazi ya vijidudu. Dawa ya kutakasa isiyohitaji kusuuzwa inalipa gharama yake. Ukitumia jiki, suuza kwa maji yaliyochemshwa na usiichanganye na siki wala asidi yoyote.

Lita 20 ni chupa 40 za nusu lita, na kuzijaza ndiyo kazi inayochosha kuliko zote. Usitie sukari chupa kwa chupa. Yeyusha gramu 130 kwenye kikombe cha maji yaliyochemka, mimina kwenye ndoo safi, vutia bia juu yake kwa mpira bila kuirusha, kisha jaza. Bia ikiwa imechachukia kwenye friji na bado ina nyuzi 19, gramu 120 zinatosha, kwa sababu bia ya baridi imebaki na gesi zaidi. Chupa moja iwe ya plastiki ya soda. Ibinye kila siku. Ikiwa ngumu kama soda mpya, kwa kawaida ndani ya wiki moja mpaka siku kumi kwa joto hili, hamishia zote kwenye friji, maana bia iliyoachwa stoo ya Dar mwezi mzima huanza kunuka karatasi lililolowa.