Utamaduni darasani si mavazi ya sikukuu

Wengi hudhani kufundisha kwa kuzingatia utamaduni ni kuwavika watoto mavazi ya asili siku moja kwa mwaka, kesho yake mambo yakaendelea kama kawaida. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Tucson, jimbo la Arizona nchini Marekani, walimu walioshirikiana na mtafiti Luis Moll walitembelea nyumba za wanafunzi wenye asili ya Meksiko. Hawakwenda kushtaki utoro (ziara tuliyoizoea hiyo!), bali kuuliza na kusikiliza. Wakakuta ujuzi wa kilimo, ujenzi, uchimbaji madini, tiba za mitishamba. Mtoto mmoja alikuwa akiuza peremende za Kimeksiko. Peremende zikageuzwa somo, na mzazi akaja darasani kufundisha kuzitengeneza.