Kuharakisha uchungu: mumbwa, dripu na yanayosemwa

“Miti shamba haina madhara, ni ya asili.” Dhana hii ndiyo inayoniogopesha kuliko zote. Masokoni Kampala mumbwa unauzwa waziwazi: vipande vya udongo uliokandwa na mitishamba, mjamzito anakwangua kidogo, anakoroga kwenye maji, anakunywa. Wengine hunywa mizizi na majani ya kuanzisha uchungu, na baadhi yake kweli hukaza mji wa mimba. Shida ni hiyo hiyo kwamba inafanya kazi! Hakuna ajuaye kipimo chake, na ukishaimeza huwezi kuizima. Mji wa mimba ukikaza bila kupumzika, mtoto hukosa hewa. Aliyewahi kupasuliwa anaweza hata kuchanika kwenye kovu. Kwa hiyo mkunga akikuuliza umekunywa nini, mwambie, hata kama atafoka. Akikutundikia dripu ya kuongeza uchungu bila kujua, dawa mbili zitasukuma kwa pamoja.

“Dripu ya uchungu ni sumu ya wazungu.” Oksitosini iliyomo, homoni inayokaza mji wa mimba, ni ile ile ambayo mwili wa mama hutoa wenyewe; maabara iliiga tu, mwaka 1953. Huingia tone kwa tone, na ikizidi hufungwa, nguvu yake ikapungua baada ya dakika chache. Ila lazima mtu asikilize mapigo ya moyo wa mtoto kila mara. Wodi ikiwa na mkunga mmoja anayekimbia kitanda hadi kitanda, mama ana haki ya kuuliza nani ataiangalia. Dripu isiyo na mwangalizi sioni inaizidi mumbwa kwa lipi.

“Njia, yaani mlango wa mji wa mimba, isipofunguka sentimita moja kila saa, kuna tatizo.” Si lazima. Shirika la Afya Duniani liliachana na kipimo hicho mwaka 2018: uchungu wenyewe huhesabiwa tangu sentimita 5, na kwa uzazi wa kwanza saa 12 kutoka hapo bado ni kawaida, mradi mama na mtoto wako salama. Aliyefika na sentimita 2 mpe chai, mwache atembee. Kutembea na kusimama hufupisha uchungu kwa kama saa moja hivi, bure kabisa.

Mafuta ya nyonyo? Yataleta kuhara. Na shangazi anayetaka kukukandamiza tumbo mtoto atoke, mwambie akushike mkono badala yake.