Kipande cha Uvimbe wa Titi Hakitupwi: Ufafanuzi Kutoka Maabara ya Patholojia

Oktoba ni mwezi wa saratani ya matiti, na hapa Kisumu foleni za kupimwa zimerefuka. Tunashukuru. Malalamiko yanayotufikia, hata hivyo, si ya foleni. Ni ya wagonjwa walioambiwa na daktari kwamba dawa haziwezi kuanza kwa sababu majibu ya maabara hayajakamilika. Wengi wanaona wanazungushwa. Hawazungushwi, na naomba tuelewane hapo.

Mwongozo wa kitaifa wa matibabu ya saratani, uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2019, unataka uvimbe wa titi uthibitishwe kwa kipande cha nyama, kisha kipande hicho kipimwe vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni za estrojeni na projesteroni, pamoja na protini iitwayo HER2. Mwenye vipokezi anaweza kupewa tamoxifen, kidonge cha bei nafuu kinachomezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Asiye navyo, kidonge hicho hakitamsaidia. Ndiyo maana daktari anasubiri.

Tatizo kubwa liko kwenye chupa ya kuletea kipande. Tunapokea vipande vilivyoletwa ndani ya maji ya chumvi, vingine ndani ya glavu, vimekauka. Wenzangu wa vyumba vya upasuaji, niseme tena: kipande kitiwe formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu kikatwe, na formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kipande. Kikae humo si chini ya saa 6, wala kisizidi saa 72. Chupa iwe na mdomo mpana, kwa sababu nyama hukakamaa, na iliyosukumwa kupitia shingo nyembamba haitoki tena. Fomu iandikwe jina, titi la kulia au la kushoto, saa ya kukata na saa ya kutia formalini. Nyama ikianza kuoza, vipokezi vinaweza kusomeka kwamba havipo ilhali vipo, na mama wa watu ananyimwa dawa iliyokuwa inamfaa. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi hii.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: kipande changu kinapelekwa wapi? Uvimbe ukikatwa zahanati ukatupwa kwa kuwa "umeonekana mzuri", hatuna cha kupima. Macho hayatambui saratani.

Sasa kuhusu sindano ya kuchukulia kipande. Kila wiki nasikia kwamba sindano huamsha saratani ikatapakaa mwilini. Si kweli, na tumelieleza hili mara nyingi mno. Anayekimbia sindano leo hurudi baada ya miezi titi likiwa na kidonda, kisha watu hulaumu sindano ambayo hata hakuchomwa. Wanaume pia, mkiona uvimbe kifuani, njooni.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021, na lengo mojawapo ni uchunguzi kukamilika ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Siwezi kuahidi tarehe ya majibu ya kila mtu kupitia makala haya, lakini siku hizo huliwa zaidi na barua ya rufaa iliyolala nyumbani.

Kwa wanaotegemea SHA, bima ya afya ya serikali: jisajili mapema, na kama huna mshahara, lipa mchango wa mwaka mzima kabla ya kuugua. Idhini ya matibabu ya saratani huombwa na hospitali, si wewe. Mtu asikutoze pesa za "kusukuma" idhini.

Ukihamishiwa Eldoret, Nakuru au Nairobi, usiende na karatasi ya majibu pekee. Omba pia bloku, yaani kipande chako kilichohifadhiwa ndani ya nta, ili wakitaka kipimo cha ziada wasikukate upya. Njoo na barua ya daktari na kitambulisho. Utatia sahihi kwenye daftari na kukabidhiwa.