Unasihi si kupewa ushauri

Mtu akikuambia "katafute ushauri nasaha", unatarajia nini? Wengi wetu tunatarajia kuambiwa la kufanya: vumilia, achana naye, rudi kwenu, sali sana. Neno lenyewe limetuponza. Nasaha ni mawaidha, na ushauri tunaujua. Ukiviunganisha unapata mawaidha juu ya mawaidha, ilhali kazi inayotajwa iko karibu kinyume chake.

Kazi hiyo, yaani unasihi au tiba ya mazungumzo, ni vikao vya kupangwa kati ya mtu mwenye jambo linalomsumbua na mtu aliyesomea kumsikiliza. Kikao huchukua kama saa moja, mara nyingi kila wiki. Mnasihi anauliza, anakurudishia maneno yako uyasikie, anakusaidia kufuatisha lililotokea, ulichowaza, ulichohisi na ulichofanya. Uamuzi unabaki wako. Kungwi humfunda mwali. Mnasihi hamfundi mtu. Wala si daktari wa akili, ambaye ndiye huandika dawa.

Afrika Mashariki wengi wetu tulilizoea jina la ushauri nasaha zama za UKIMWI. Kabla ya kutolewa damu ya kupima virusi ulikalishwa na mshauri, na ulipofuata majibu ukakalishwa tena. Vituo vya Angaza Tanzania na vya VCT Kenya, vya ushauri na upimaji wa hiari, vilisaidia watu wengi mno, ila viliacha doa: ukionekana unaingia kwa mshauri, mtaa mzima umeshakupima. Doa jingine ni la zamani zaidi. Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi ni hospitali za magonjwa ya akili, lakini tumeyafanya majina yake kuwa matusi, kwa hiyo hata aliyefiwa na kukosa usingizi miezi mitatu anaona bora anyamaze.

Mambo yamebadilika polepole. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998, manusura na waliofiwa walihitaji watu wa kuzungumza nao, na hapo hakuna aliyeweza kusema hao ni vichaa. Mwaka 2014 Kenya ikatunga sheria ya kusimamia wanasihi na wanasaikolojia. Siku hizi wapo vijana wanaokwenda bila ugonjwa wowote: wanataka kujielewa kabla ya kuoa, au kujua kwa nini kila kazi wanaiacha kwa ugomvi.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda, akiwa na uhaba mkubwa wa wataalamu, aliwafundisha mabibi wazee wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya kliniki. Hawakuanza na majina ya kitabibu. Walisema kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na hatua ya kwanza wakaiita kuvhura pfungwa, kufungua akili. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Sisi nasi tuna neno letu tayari. "Ana mawazo", tunasema, na kila mtu anaelewa kwamba si mawazo ya kawaida. Sijui kwa nini mabango ya kliniki hayalitumii. Unasihi nalo, tukubali, lina mzizi uleule wa nasaha, kwa hiyo anayeingia mara ya kwanza bado ataketi akisubiri kuambiwa la kufanya.